Chai ya kijani, presha ya dereva na valvu ya mkewe

SWALI: Ndugu mfamasia, habari za kazi. Mimi ni dereva wa taksi kati ya Kyenjojo na Kampala, umri miaka 52. Presha yangu ilipimwa ikawa 152/96, nikaanzishiwa amlodipini ya miligramu 5. Mwezi uliopita, kwenye paki ya taksi, kijana mmoja aliniuzia pakiti ya chai ya kijani. Aliniambia inayeyusha mafuta kwenye mishipa na kwamba baada ya muda nitaachana na vidonge. Nakunywa vikombe vinne kwa siku. Tumbo limepungua kweli, ila naenda chooni mara nne. Mke wangu naye anaitaka, lakini yeye aliwekewa valvu ya chuma kwenye moyo na anameza warfarini. Hii chai inafanya nini hasa moyoni? Na kwa nini tununue ya Uchina ilhali tumezungukwa na mashamba ya chai?

JIBU: Ndugu yangu, tuanze na hizo safari za chooni, maana ndizo zilizonishtua kuliko presha yenyewe.

Chai ya kijani halisi haimwendeshi mtu mara nne kwa siku. Chukua hiyo pakiti, igeuze, usome maandishi madogo ya nyuma. Nadhani utakuta neno senna, au Cassia angustifolia. Hilo ni jani la kuharisha. Hospitalini hutolewa kwa siku chache kwa mtu aliyefunga choo. Wauzaji hulichanganya na majani kidogo ya chai, wakabandika picha ya mtu mwenye kiuno chembamba, biashara ikaenda. Tumbo lililopungua ni maji na kinyesi, mafuta yako yapo palepale.

Ubaya wake ni huu: mtu akiharisha kila siku hupoteza potasiamu, na moyo hutegemea potasiamu ili upige kwa mpangilio. Ikishuka sana, mapigo huvurugika. Bahati yako unatumia amlodipini peke yake. Wagonjwa wengi wa presha hupewa pia kidonge cha kukojoza, nacho huondoa potasiamu kwa njia yake, kwa hiyo mtu wa namna hiyo akiongeza senna anaipoteza mara mbili. Anayetumia digoksini, dawa ya moyo, ndiye aliye hatarini zaidi. Iache leo. Ukihisi moyo unarukaruka, misuli inabana au mwili umelegea, nenda kituo cha afya wakupime potasiamu, uwaambie wazi ulichokuwa unakunywa. Watu huwaficha wahudumu mambo ya mitishamba, sijui kwa nini.

Sasa chai yenyewe. Mmea ni mmoja duniani kote, Camellia sinensis. Huo unaoupita kila siku barabarani Kyenjojo ndio huohuo wa Japani na Uchina. Njia hutengana kiwandani. Kwa chai nyeusi, majani hunyaushwa, hukatwakatwa kwa mashine, kisha huachwa yapate hewa mpaka yageuke rangi ya shaba. Humo ndani kimeng'enya cha jani hukutanisha katekini, yaani kemikali za asili za jani la chai, na oksijeni na kuzigeuza kuwa vitu vingine, ndivyo vinavyoipa chai wekundu wake. Jambo hilohilo unaliona kwa matooke yaliyomenywa yakakawia kuingia sufuriani: yanakuwa meusi. Kwa chai ya kijani, jani hupigwa joto mapema, Wajapani kwa mvuke na Wachina mara nyingi kwenye kikaango, ili kimeng'enya kife na katekini zibaki.

Katekini hizo husaidia ukuta wa ndani wa mshipa kutoa naitriki oksaidi, ambayo huulegeza mshipa. Tumboni huzuia kidogo kolesteroli isifyonzwe yote. Lakini hakuna katekini inayoingia kwenye mshipa na kuusugua kama sufuria iliyoungua. Mafuta yaliyokwisha kujijenga ukutani hayayeyuki kwa chai.

Msaada huo ni mdogo kiasi gani? Majaribio yaliyofanywa kwa watu, yakijumlishwa pamoja, yanaonyesha namba ya juu ya presha ikishuka kwa kama milimita 2, na kolesteroli mbaya kwa takriban 0.1 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Kwako wewe, 152 ingekuwa 150. Kidonge kimoja cha presha kwa wastani hushusha kama 9. Kupunguza chumvi mpaka chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu unachokula, hushusha kama 5 kwa mwenye presha. Hesabu hiyo hata kondakta wako anaiweza: kidonge kinabaki, chumvi inapungua, chai inaongezewa juu yake ukipenda.

Wauzaji hupenda kutaja Japani, na hawasemi uongo wote. Katika mkoa wa Miyagi watu 40,530 walifuatiliwa kuanzia mwaka 1994, na matokeo yakatolewa mwaka 2006. Waliokunywa vikombe vitano au zaidi kwa siku walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa kwa uchache kuliko waliokunywa chini ya kimoja: wanawake kwa asilimia 31, wanaume kwa asilimia 22, na tofauti kubwa ilikuwa kwenye kiharusi. Hata hivyo, hao watu walitazamwa tu, hawakugawiwa chai kwa kura. Anayekunywa chai ya kijani Japani hutofautiana na asiyekunywa kwa mambo mengi mengine. Tena wao huinywa bila sukari.

Mke wako ndiye ninayemwandikia kwa uangalifu zaidi. Valvu ya chuma huvutia damu igande juu yake, na warfarini ndiyo inayozuia. Dawa hii hufanya kazi kwa kuipinga vitamini K, na majani ya chai yana vitamini K. Kikombe cha chai iliyochujwa kina kidogo tu. Tatizo ni wingi, na kubadilika ghafla. Mwaka 1999 iliripotiwa habari ya mwanamume wa miaka 44, naye mwenye valvu ya chuma, aliyeanza kunywa chai ya kijani lita 2 hadi 4 kwa siku. INR yake, yaani kipimo cha damu inachelewa kiasi gani kuganda, ilianguka kutoka 3.79 hadi 1.37. Kwa kipimo hicho valvu iko wazi kuganda, na donge likichomoka likapanda kichwani, hicho ni kiharusi. Alipoiacha chai, kipimo kilipanda tena.

Kwa hiyo shemeji asianze kimyakimya. Akitaka kikombe kimoja kwa siku, aseme kliniki kwanza, apimwe INR wiki moja au mbili baadaye, kisha asibadilishebadilishe. Ushauri ni uleule anaopewa kuhusu dodo (mchicha) na sukuma wiki: asiziache, bali kiasi kisiyumbe. Unga wa chai ya kijani, ambapo jani zima humezwa, asiuguse. Vidonge vya dondoo yake navyo hapana, kwake na kwako. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba miligramu 800 kwa siku za katekini yake kuu kutoka kwenye vidonge hivyo zinaweza kuanza kulitesa ini.

Amlodipini yako haina ugomvi unaojulikana na vikombe viwili vitatu. Nadololi, dawa nyingine ya presha, inao: kwenye jaribio moja la Japani, chai ya kijani ilipunguza kiasi cha dawa hiyo kwenye damu kwa asilimia 85. Ukibadilishiwa dawa siku moja, uliza.

Kuhusu ya Uchina na ya kwetu: chai nyeusi nayo ina faida kwa mishipa, usiidharau. Kinachoiharibu ni tunavyoinywa. Vikombe vinne vya chai ya maziwa, kila kimoja vijiko vitatu, ni karibu gramu 48 za sukari, na Shirika la Afya Duniani lingependa mtu mzima abaki kwenye kama 25. Mimi ningekuwa wewe, ningeanza na ya Kyenjojo bila sukari kabla ya kutoa pesa kwa pakiti yenye maandishi nisiyoyasoma. Ukiipata ya kijani iliyo safi, isiyo na mchanganyiko, acha maji yaliyochemka yapoe dakika kadhaa, loweka majani dakika 2 au 3, vinginevyo itakuwa chungu na utarudi kwenye sukari. Subiri saa moja baada ya mlo wa maharage ndipo uinywe, maana chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na wanawake ndio huumia zaidi.

Siku ya kupima presha, usinywe chai wala kahawa nusu saa kabla. Na kama umetoka moja kwa moja kwenye usukani, kaa kwenye benchi dakika tano kwanza.