Mtoto mwenye homa anayegoma kukanyaga

Wadogo zangu mnaoanza zamu wodi ya watoto, huyu mtamkuta mapema: ana homa, anachechemea au amegoma kabisa kukanyaga. Mama atawaambia alianguka akicheza. Huenda ni kweli, watoto huanguka kila siku. Mchukulieni kuwa ana maambukizi ya mfupa mpaka mthibitishe vinginevyo, hata kama kipimo cha malaria kimesoma chanya.

Mpimeni akiwa amepakatwa na mama yake. Anzeni na mguu usiouma, kisha kwa ncha ya kidole kimoja bonyezeni taratibu kufuata mfupa, macho yenu yakiwa usoni kwake. Maumivu makali mara nyingi hukaa sehemu moja ndogo, juu kidogo ya goti au chini yake, karibu na pale mfupa unapokulia. Damu hupita polepole hapo na bakteria hutuama. Kichanga yeye mtamwona tu ameacha kuchezesha mkono au mguu mmoja, tena anaweza asiwe na homa.

Eksirei ya wiki ya kwanza mara nyingi huwa safi kabisa. Nimeona watoto wakirudishwa nyumbani na panado kwa sababu ya picha hiyo, kisha wanaletwa baada ya miezi na tundu linalotoa usaha, ndani kuna kipande cha mfupa uliokufa. Mfupa huchukua siku 10 hadi 14 kuonyesha mabadiliko. Ultrasaundi huweza kuonyesha usaha mapema zaidi.

Vuteni damu ya kuotesha bakteria maabara kabla ya dozi ya kwanza, lakini msingoje majibu. Antibiotiki ya kloksasilini ya mshipa ndiyo mwanzo, maana mhusika mkuu ni bakteria aitwaye Staphylococcus aureus. Mwenye selimundu aongezewe antibiotiki ya seftriaksoni kwa ajili ya bakteria wa salmonela. Dawa zote kwa jumla ni wiki 3 hadi 6, na mama aelezwe hivyo mapema, kwa sababu mtoto akishaanza kukimbia koridoni vidonge husahaulika.

Homa ikigoma baada ya saa 48, au usaha ukionekana, aitwe daktari wa upasuaji. Dawa peke yake haikaushi jipu lililo ndani ya mfupa. Na kama mtoto amekunja paja akaliacha limelala nje, akipiga kelele kila anapobadilishwa nepi, hiyo ni kiungo cha nyonga kilichoingia maambukizi. Usaha humaliza gegedu, utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, kwa siku chache tu, kwa hiyo simu ipigwe usiku huohuo.