Kichwa cha Risasi Kwanza, Baruti Baadaye

Mpwa wangu anayeishi Boise, katika jimbo la Idaho, alinipigia simu mwezi uliopita nikiwa shambani Njoro nikikagua ngano, akaniuliza swali lilelile ambalo mimi nilimuuliza mzee mmoja wa mji huohuo miaka mingi iliyopita: "Mjomba, ninunue baruti gani?" Alikuwa amenunua bastola ya silinda ya .357 Magnum, rafiki yake wa kazini akampa presi kuukuu, yaani mashine ya kuundia risasi, na sasa alitaka kujaza upya maganda yake mwenyewe badala ya kununua risasi mpya dukani. Nilimjibu kwamba ameanzia mkiani.

Wasomaji walio hapa nyumbani waelewe kwamba ninazungumza na vijana wetu walio Marekani, ambako kazi hii ni burudani halali ya watu wengi. Kwetu Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mwananchi kujitengenezea risasi jikoni kwake, na uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku tangu mwaka 1977. Nilipofunga virago kurudi Nakuru, presi yangu na mizani yangu niliviacha kwa jirani.

Lugha yetu nayo ina mtego wake katika jambo hili, kwa kuwa risasi ni madini na risasi pia ni kile kitu kizima kinachotiwa kwenye silinda. Kitu kizima nitakiita risasi, sehemu inayoruka nitaiita kichwa, na madini nitayaita madini ya risasi.

Anayeanza huvutiwa na baruti kwa sababu ndiyo yenye nguvu na majina ya kupendeza. Lakini kichwa ndicho kinachofanya kazi uliyokusudia, na baruti ni ya kukisukuma tu. Kwa hiyo jiulize kwanza unalenga nini. Ukitaka kutoboa karatasi kila Jumamosi, kichwa cha madini ya risasi cha greni 158 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) kwa .357, au cha greni 240 kwa .44 Magnum, kitakutosha kwa miaka, tena kwa bei nafuu. Ukienda kuwinda kulungu, utahitaji kichwa kilichovikwa shaba nyekundu chenye ncha inayopanuka. Anayetembea katika misitu yenye dubu hupendelea kichwa kizito na kigumu chenye pua bapa, kwa sababu hicho hupenya ndani zaidi bila kupanuka. Vichwa vyepesi vya greni 110 au 125 vinavyokwenda kasi sana mimi sivipendi katika bastola ya .357 ya umbo la wastani, kwani moto wake hulila koo la mtutu, yaani pale kichwa kinapotoka kwenye silinda na kuingia kwenye mtutu, na zipo bastola zilizopasuka mahali hapo baada ya kulishwa vichwa hivyo kwa muda mrefu.

Kuhusu madini ya risasi, watu wengi hudhani kwamba ugumu ndio kila kitu, nami nilidhani hivyo mpaka nilipotumia Jumapili nzima nikikwangua utando wa madini ndani ya mtutu. Vichwa vyangu vilikuwa vigumu vya kutosha, ila vilikuwa vyembamba. Gesi ya moto ilipenya pembeni mwake, ikayeyusha madini na kuyapaka njiani. Kichwa cha .357 kilichovikwa shaba huwa na kipenyo cha inchi 0.357, lakini cha madini matupu kwa kawaida hufanywa inchi 0.358, na kwa .44 ni 0.429 na 0.430. Tofauti hiyo ya sehemu moja ya elfu ya inchi ndiyo iliyonipotezea Jumapili yangu.

Sasa baruti. Magnum si ganda lililorefushwa tu, ingawa ni kweli kwamba .357 ya mwaka 1935 ilikuwa ganda la .38 Special lililoongezwa takriban sehemu ya nane ya inchi ili lisiingie katika bastola dhaifu. Tofauti kubwa iko kwenye shinikizo: viwango vya Marekani vinaruhusu takriban psi (pauni kwa kila inchi ya mraba) 17,000 kwa .38 Special, 35,000 kwa .357 Magnum, na 36,000 kwa .44 Magnum. Baruti inayowaka haraka, kama Bullseye, hufikisha shinikizo hilo mapema kabla kichwa hakijapata kasi kubwa, ilhali inayowaka polepole, kama 2400 au H110, huendelea kukisukuma kichwa muda mrefu zaidi ndani ya mtutu. Elmer Keith, mchunga ng'ombe na mwandishi wa Idaho hiyohiyo, aliijaza 2400 katika maganda ya .44 Special kwa miaka mingi mpaka wenye viwanda wakakubali kutoa .44 Magnum mwishoni mwa 1955.

Sababu yangu ya kupenda 2400, hata hivyo, si kasi. Kipimo chake cha magnum huchukua zaidi ya nusu ya ganda, kwa hiyo ukipitiwa ukamimina mara mbili, baruti itamwagika mezani na utaliona kosa lako. Kipimo cha Bullseye ni greni chache zinazokaa chini kabisa ya ganda, na mara mbili yake huingia bila kuonekana, kisha silinda inapasukia mkononi. Mtu anayejifunza anahitaji baruti inayomsuta akikosea.

H110 hujaza ganda vizuri zaidi na hutoa kasi kubwa kuliko 2400, lakini haina masihara. (Inauzwa pia kwa jina la W296, ni baruti ileile.) Ni ya chembe za mviringo, na ili iwake sawasawa inataka fataki (vile vikofia vidogo vya kitako cha ganda vinavyowasha baruti) za magnum, mdomo wa ganda uliobanwa vizuri, na shinikizo la juu. Watengenezaji wake wanaonya usipunguze kipimo kwa zaidi ya asilimia 3. Mimi, kwa kuuhurumia mkono wangu, nilipunguza zaidi ya hapo. Risasi ya kwanza ililia vizuri, ya pili pia. Ya tatu ilitoa sauti kama ya chupa ya soda inayofunguliwa, na kidole changu kilikuwa tayari kinaivuta ya nne wakati mzee alipopaaza sauti akaniambia niweke bastola chini. Kichwa kilikuwa kimekwama katikati ya mtutu. Ningefyatua tena, mtutu ungepasuka. Ukitaka risasi nyepesi, tumia 2400, ambayo huvumilia kupunguzwa ndani ya mipaka ya kitabu cha vipimo, au nunua baruti iitwayo Unique. H110 iache ifanye kazi yake nzito.

Vipimo vyenyewe sitavitaja hapa, na usivichukue kwa mtu yeyote anayekuandikia kwenye simu, hata akiwa mjomba wako. Nunua kitabu kipya cha vipimo cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, anza na kipimo cha chini kilichoandikwa, na ukibadilisha kichwa, ganda au fataki, rudi mwanzo.

Mizani ni lazima. Aliyekulia Nakuru ataelewa nikimkumbusha gorogoro la sokoni. Gorogoro moja la mahindi na gorogoro moja la unga havina uzito sawa, na mama muuzaji akilitikisa kopo, mahindi yanashuka na nafasi ya konzi moja inapatikana. Mashine ya kumimina baruti ni gorogoro tu. Inapima ujazo, wakati kitabu kinazungumza juu ya uzito. H110 hutiririka ndani yake kama mchanga mkavu, lakini vipande bapa vya Unique hujikunja na kukwama, mara kidogo mara kingi, kwa hiyo mimi nilikuwa nikipima kila kipimo cha kumi kwenye mizani.

Tabia yetu nyingine ya nyumbani, ile ya kutia sukari ndani ya kopo la Blue Band na chumvi ndani ya kopo la kahawa, iache mlangoni. Baruti hukaa katika kopo lake la asili, na mezani huwa moja tu kwa wakati mmoja. Nilipata kuacha baruti ndani ya mashine usiku kucha, na asubuhi sikuwa na hakika ni ipi. Mzee aliichukua bila kusema neno, akaimwaga kwenye majani ya bustani yake.

Mpwa wangu hatimaye alinunua 2400 na vichwa vya madini ya risasi vya greni 158. Nilimwagiza kwamba akishamimina baruti katika maganda yote hamsini, asiweke kichwa hata kimoja kabla ya kumulika ndani kwa tochi na kunitumia picha. Picha ilifika saa nne usiku, wakati mke wangu alikuwa amekwisha kulala. Nikaikuza kwenye simu, mstari baada ya mstari. Katika mstari wa nne, ganda la tatu kutoka kushoto halikuwa na kitu.