Maswali ya wasomaji: "Tumebandika mabango, magari hayapungui"

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi katika ofisi iliyo katikati ya mji. Tuna maegesho ya bure chini ya jengo, na karibu kila mwenye gari huja nalo akiwa peke yake. Tumebandika mabango kuhusu moshi na foleni, tukamwalika hadi mtaalamu wa mazingira. Watu walimpigia makofi, na kesho yake magari yakawa yale yale, ingawa kituo cha basi kiko karibu kabisa na lango letu. Je, wenzangu ni wabinafsi, au mimi ndiye sijui kushawishi?
Mwenyekiti aliyechoka

JIBU: Ndugu Mwenyekiti, wenzako si wabinafsi. Mtu anayekaa kwenye foleni asubuhi na jioni anaijua foleni kuliko aliyechora bango. Kabla ya kuanza kujibu barua hizi nilikuwa mpanga ratiba za mabasi kwa miaka mingi, na nakuhakikishia kwamba kinachomshinda mwenye gari hakipo ndani ya basi. Kipo kituoni, kabla basi halijafika.

Akiwa ndani ya chombo kinachotembea, dakika kumi hupita tu. Akiwa amesimama hajui basi liko wapi, dakika hizo hizo humchosha mara dufu, na ndiyo maana sisi wapangaji huwa tunaihesabu dakika moja ya kusubiri kama mbili za kusafiri. Basi likipita kila baada ya dakika 10, kwa kawaida mtu husubiri kama dakika 5, wala hahitaji kutazama saa kabla ya kutoka ofisini. Likipita kila baada ya dakika 40, siku yake yote inalifuata basi. Huyo wa pili usimlaumu akishika ufunguo wa gari.

Kuchapisha ratiba nzuri pia hakutoshi. Kaa kituoni jioni moja uangalie. Basi la kwanza limekwama kwenye magari, limechelewa. Likifika linakuta watu wengi kuliko kawaida, kwa sababu hata waliopaswa kupanda la pili wameshafika. Kupakia kunachukua muda: huyu anatafuta chenji, yule anauliza kama linapita hospitali. Linazidi kuchelewa. La nyuma yake linakuta vituo vitupu, halisimami sana, linakimbia hadi linalifikia la mbele. Mwishowe yanatembea yameongozana, moja watu wamebanana mlangoni, jingine viti vitupu, na aliyesubiri nusu saa anawatukana madereva. Hawana kosa hata kidogo. Nimewatetea madereva maisha yangu yote ya kazi na bado nawatetea.

Tiba yake inajulikana: basi lipewe njia yake lenyewe, na nauli ilipwe kabla ya kupanda. Curitiba nchini Brazil ilianza na njia za mabasi mwaka 1974. Bogotá nchini Kolombia ikaanzisha TransMilenio, mfumo wake wa mabasi yenye njia zake yenyewe, mwaka 2000. Hayo ni ya wakuu wa mji. Kamati yenu inaweza kuwaandikia kudai njia ya mabasi, na itieni barua hiyo sahihi za wenye magari. Madai ya abiria wameyazoea, ya madereva wa magari binafsi yatawashtua.

Sasa turudi chini ya jengo lenu, maana hapo ndipo mnapoweza kufanya jambo bila kumsubiri mtu. Umeandika "maegesho ya bure" kwa kupita tu, nami nikasoma sentensi hiyo mara mbili. Nafasi ile si ya bure. Mwajiri anailipia kwa kodi ya jengo au kwa ardhi, kisha anampa zawadi hiyo mwenye gari pekee. Anayekuja kwa basi hapewi kitu. Kwa hiyo kila asubuhi ofisi yenu inawalipa watu waje na magari, na bango lililo ukutani linawaambia wasije nayo. Wamesikiliza malipo.

Huko California, tangu mwaka 1992 sheria inawataka baadhi ya waajiri wanaokodi maegesho kwa ajili ya wafanyakazi wawape hiari: chukua nafasi, au acha nafasi upewe thamani yake kwa fedha taslimu. Profesa Donald Shoup alichunguza waajiri 8 waliofanya hivyo, akachapisha matokeo mwaka 1997. Waliokuwa wakija peke yao kwenye gari walikuwa 76 katika kila 100. Wakashuka hadi 63. Hakuna aliyenyang'anywa nafasi wala aliyehutubiwa. Mpelekee mwajiri wako pendekezo hilo, tena umwonyeshe kwamba nafasi zikibaki wazi anaweza kupunguza anazokodi.

Kuna wasiwasi mmoja ambao wenzako hawatausema mkutanoni: "Mtoto akiugua shuleni saa nane mchana, nitafikaje?" Uondoeni mapema. Ofisi iahidi kumlipia teksi mfanyakazi aliyekuja kwa basi akipatwa na dharura, au akibakizwa kazini mpaka usiku. Waajiri waliowahi kutoa ahadi hii huona kwamba ni wachache wanaoitumia, lakini wengi huja na basi kwa sababu ipo.

Msiombe nauli ya bure kwa kila mtu mkidhani itawavuta wenye magari. Tallinn, mji mkuu wa Estonia, iliwaondolea wakazi wake nauli mwaka 2013, na sehemu kubwa ya abiria wapya walikuwa watu waliozoea kutembea kwa miguu. Kwa maskini lile ni jambo jema, nami naliunga mkono kwa sababu hiyo. Kilichowasogeza wenye magari ni kuonjeshwa. Huko Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, wenye magari waliwahi kupewa kadi ya kupanda usafiri wa umma mwezi mmoja bila malipo. Safari zao za kazini kwa usafiri wa umma zikaongezeka karibu maradufu, na miezi kadhaa baada ya kadi kuisha bado walikuwa wakipanda kuliko mwanzo. Waliobadilika zaidi ni waliokuwa wamehama nyumba au kubadili kazi karibuni, maana mazoea yao ya njia yalikuwa bado hayajakaa. Kwa hiyo kadi zenu za majaribio wapeni kwanza waajiriwa wapya, siku ile ile wanayopewa kitambulisho cha kazi.

Na tafadhali, msimguse mama anayepitisha watoto shule mbili tofauti, wala mwenzenu mwenye ulemavu ambaye basi halina ngazi anayoiweza. Barabara ikipungua magari ya wengine, hao ndio watakaopumua.

SWALI: Nimeanza kwenda kazini kwa treni na naipenda. Je, niuze gari? Sioni nimeokoa sana.
Abiria mpya

JIBU: Usiuze bado. Huoni nafuu kwa sababu mpaka sasa umeokoa mafuta tu. Bima inaendelea, ushuru unaendelea, na gari linapungua thamani hata likiwa limefunikwa turubai. Gharama hizo ndizo kubwa, nazo zimejificha: mwenye gari asubuhi hulinganisha nauli na mafuta peke yake, akaona gari ni rahisi.

Kama nyumbani mna magari mawili, anzeni na la pili. Kubalianeni libaki limeegeshwa msimu mzima, likiwemo kipindi cha mvua, na kila anayelihitaji aandike kwenye daftari alikwenda wapi na kwa nini. Mkiona safari zilizoandikwa zingeweza kufanywa kwa teksi au kwa gari lile jingine, liuzeni. Kama ni moja tu, na kuna mzazi mgonjwa anayepelekwa kliniki, libaki, na wewe endelea na treni yako.