Maswali na Majibu: Nauli ya Mimea ya Tangi la Samaki

Wasomaji kadhaa wanaoishi Marekani, wanaofuga samaki nyumbani na kuuza ziada ya mimea yao kwa njia ya posta, wameuliza kuhusu gharama za kutuma vifurushi. Ninawajibu hapa mmoja baada ya mwingine.

Nauza vipande vya anubiasi kwa dola 6 kila kimoja, nikivifunga katika mifuko yenye maji kama samaki wanavyofungwa dukani. Nauli inazidi bei ya mmea. Nifanyeje? (Columbus, Ohio)

Unayalipia nauli maji, ndugu yangu. Mmea wa majini hauhitaji kuelea ili uishi siku tatu. Unahitaji tu majani yake yasikauke. Kikombe kimoja cha maji kina uzito wa wakia 8 na kidogo, na katika Ground Advantage, huduma yake ya bei nafuu, posta ya Marekani hutoza vifurushi vyepesi kwa madaraja ya wakia hadi ratili moja, yaani wakia 16, kisha ukiivuka ratili hiyo hata kwa wakia moja unalipishwa ratili mbili. Vikombe viwili vya maji, basi, vinatosha kukutoa katika daraja la bei nafuu kabla hata mmea haujawekwa kwenye mizani.

Mwaga maji yote. Toa ile pamba ya kuoteshea, ya ndani ya kikopo cha mmea, iliyoshikamana na mizizi, kwa kuwa nayo hunyonya maji mengi, kisha viringisha mizizi kwa karatasi ya jikoni iliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka isidondoshe hata tone. Tia kila kitu katika mfuko wa plastiki wenye zipu na ujaze nafasi iliyobaki ndani ya boksi kwa magazeti yaliyokunjwa ili mzigo usichezecheze. Anubiasi na jimbi la Java, ambazo majani yake ni magumu, huvumilia safari ya siku 2 hadi 5 ya huduma hiyo iwapo hali ya hewa ni ya wastani. Kriptokorini, mmea mwingine wa tangi, si wa kuaminiwa hivyo, maana hupukutisha majani hata kwa kuhamishwa tangi tu, na kwake ni afadhali kulipia Priority Mail, huduma ya posta iliyo ya haraka zaidi.

Jambo la mwisho ni kwamba kutuma vipande vitano katika boksi moja hugharimu karibu sawa na kutuma kimoja. Weka kima cha chini cha ununuzi, na wateja wenye nia watakielewa.

Maboksi ya bure ya posta, yale ya bei moja kwa nchi nzima, si ndiyo nafuu zaidi? (Minneapolis)

Ni nafuu kwa mwenye kuuza mawe. Bei moja humfaa anayetuma mzigo mzito mbali, ilhali mimea ni mizigo myepesi inayotaka nafasi. Boksi dogo la aina hiyo halifiki hata inchi 2 kwa kina, na jimbi lenye afya halienei humo bila kuvunjwa. Kwa jimbo la jirani, boksi lako mwenyewe lililopimwa uzito huwa nafuu zaidi, hasa ukinunua lebo mtandaoni, ambako bei ni ya chini kuliko ya dirishani.

Jihadhari na mambo mawili. Maboksi ya bure ya Priority Mail ni ya huduma hiyo pekee, na kuyageuza ndani nje ili kutumia huduma ya bei ndogo hakukubaliki. Pia, boksi likizidi futi moja ya ujazo, posta huzidisha urefu, upana na kina kwa inchi, hugawanya kwa 166, na hukutoza kwa uzito unaopatikana ikiwa unazidi uzito halisi. Boksi la inchi 14 kila upande hutoka kama ratili 17, hata kama ndani mna ratili 2 za majani.

Niifiche nauli ndani ya bei ya mmea au niiandike kando? (Houston)

Iandike kando, na uitaje kabla mteja hajalipa. Fahamu pia kwamba soko la mtandaoni la eBay, kama unauzia huko, hukata ada yake kwenye jumla yote ya malipo, nauli ikiwemo, kwa hiyo ukimtoza mteja nauli kamili ya posta bila kuongeza chochote, sehemu yake unailipa wewe. Ongezeko dogo la kufidia ada, karatasi na boksi ni halali kabisa. Ninachokipinga ni mmea wa dola 1 wenye nauli ya dola 20.

Januari niendelee kuuza? (Portland, Maine)

Ukiweza, pumzika. Kipakiti cha joto, kile cha kuikinga mimea na baridi njiani, kinagharimu fedha na kinaongeza uzito, na kinahitaji hewa ili kifanye kazi, hivyo hakiwezi kufungiwa ndani ya mfuko wa mimea wala kugusana na majani. Ukilazimika, chagua cha saa 72 badala ya saa 40, tuma Jumatatu au Jumanne ili mzigo usilale ghalani mwisho wa wiki, na gharama yake iwe juu ya mnunuzi.

Mmea ulifika umeoza baada ya kuchelewa. Bima ya posta italipa? (Phoenix)

Hapana. Bima hulipa kilichopotea au kilichovunjika; hailipi bidhaa iliyoharibika kwa kuchelewa. Kwa hiyo tangaza mapema nani anabeba hasara. Utaratibu ninaouona wa haki ni mteja kutuma picha siku ileile ya kupokea, nawe umrudishie bei ya mmea, na nauli ya awali isirudishwe na yeyote.

Nina gugu maji tele bwawani. Niliuze? (Dallas)

Usiuze. Texas imelipiga marufuku, na anayelijua Ziwa Victoria hahitaji kuelezwa sababu.

Naweza kumtumia kaka yangu Mombasa anubiasi? (Seattle)

Inawezekana kwa sheria, lakini nauli itakuwa sehemu ndogo ya gharama. Kenya hutaka kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika lake la ukaguzi wa afya ya mimea, kabla mzigo haujaondoka, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha Marekani, na vyote vina ada na muda wake. Anubiasi asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, jambo linaloifanya safari hiyo iwe ya kuchekesha kidogo. Mtumie kaka yako fedha, atafute mfugaji wa huko anayegawa vipandikizi.