Mgeni thieta: kadi za majina zisubiri kidogo

Swali: Shikamoo Sista. Nimetoka wodini baada ya miaka miwili, na hii ni wiki yangu ya tatu kwenye chumba cha upasuaji. Majina ya vifaa yananiponyoka. Daktari akinyoosha mkono mimi natoa macho tu. Nimejiandikia kadi za majina, nazisoma kila usiku. Juzi, nikiwa nimeshavaa gauni na glavu, kiwiko changu kiligusa stendi ya dripu. Nilinyamaza karibu dakika nzima ndipo nikasema, nikafokewa. Nifanye nini niimudu kazi hii mapema?

Jibu: Marahaba. Kadi zako ni nzuri, ila naona umeanza kusuka ukili kabla ya kuchana miyaa. Majina utayajua utake usitake. Koleo ukiishalishika mara hamsini, jina lake halikutoki tena. Mimi nimeshikwa na ile dakika yako moja.

Tuanze na kiwiko. Gauni likishavaliwa halihesabiwi kuwa tasa, yaani lisilo na vijidudu, lote, hata kama limetoka kwenye furushi moja. Sehemu inayoaminika ni ya mbele, kuanzia kifuani hadi usawa wa meza, na mikono kuanzia sentimita 5 hivi juu ya kiwiko hadi kwenye pindo. Mgongo, mabega, kwapa na chini ya meza havimo. Ndiyo maana hatukunji mikono na kuificha kwapani hata tukichoka, na wawili waliovaa wakipishana hupishana uso kwa uso au mgongo kwa mgongo. Meza nayo ni tasa juu tu. Uzi ukining'inia chini ya ukingo, usiuvute kuurudisha. Kiwiko chako kimo ndani ya mipaka hiyo, kwa hiyo ilibidi ubadilishe gauni na glavu. Hapakuwa na la kujadili.

Lakini kugusa stendi si balaa. Sote tumegusa. Balaa ni kwamba katika dakika ile ulikuwa unaendelea na kazi: umeegemea meza, umepokea mkasi, umempa mwenzako gozi, kile kitambaa cha kufyonzea damu. Uliposema, hakuna aliyejua tena kipi ni safi na kipi si safi. Na kidonda kikiingia vijidudu hakipigi kelele siku hiyohiyo. Huanza kutoa usaha siku kadhaa baadaye, na wakati huo hakuna anayekumbuka stendi. Kwa hiyo fanyia mazoezi sentensi moja, kwa sauti, hata mbele ya kioo: "Nimechafua kiwiko cha kulia." Isitanguliwe na samahani wala maelezo. Ukiwa na shaka tu kama umegusa au hukugusa, hesabu kuwa umegusa.

Kuna mahali pazuri pa kuuzoeza mdomo wako. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotoka 2008, ina vipengele 19 na vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Katika kituo cha pili kila mtu hutaja jina na kazi yake. Wengi hunong'ona jina ili wamalize. Wewe sema: "Mimi ni fulani, muuguzi, niko wiki ya tatu." Aliyekwisha kusikika mara moja hapati tabu kusema mara ya pili. Na orodha hiyo si urembo wa ukutani. Utafiti wa hospitali nane uliochapishwa 2009 ulionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 baada ya kuanza kuitumia.

Jambo jingine kabla ya kadi ni kuhesabu. Gozi, sindano, visu na vifaa huhesabiwa kabla ya kuanza, kabla ya kufunga tumbo, wakati wa kufunga ngozi, na kila watu wanapopokezana zamu. Mnahesabu wawili, kwa sauti, mkizitenganisha gozi moja moja. Usihesabu kwa kutazama rundo. Furushi la gozi kumi likiwa na tisa, liondoe lote, usijaribu kukumbuka kwamba "lile lilikuwa pungufu". Gozi za ndani ya mwili zina uzi unaoonekana kwenye eksirei, kwa hiyo usizikate, na usiache gozi ya kufungia kidonda izagae mezani kabla ya wakati wake. Takataka na nguo chafu zisitoke chumbani hadi hesabu ikubali.

Usiku mmoja nilipungukiwa gozi moja. Daktari alikuwa amechoka, akaniambia nimehesabu vibaya. Nikasema, "Bado moja, daktari." Akatafuta ndani, sisi tukatafuta sakafuni na kwenye ndoo. Ilikuwa imenata chini ya kiatu cha mtaalamu wa usingizi! Tungeikosa, mgonjwa angepigwa eksirei kabla ya kutoka. Nilinuniwa hadi asubuhi, nami sikujali.

Kuhusu kufokewa: wengine hufoka kwa hofu, wengine kwa tabia. Fanya jambo lililosemwa kama ni la kweli, na matusi yapeleke kwa msimamizi wako.

Basi mwombe msimamizi akuweke kwanza kuwa muuguzi wa kuzunguka, yule asiyevaa gauni tasa, kwa wiki mbili tatu. Utafungua mafurushi, utahesabu, na utaona daktari anaomba nini kabla hajafungua mdomo: akishakata, atataka kuzuia damu; akishika sindano, mkasi wa uzi unafuata. Hapo ndipo uzitoe kadi zako, na uzipange kwa mfuatano wa upasuaji mmoja mnaoufanya kila siku. Alfabeti haitakusaidia.