Maswali ya Wasomaji: Mmisionari Aliyekuwa Waziri Mkuu

SWALI: Mhariri, assalamu alaikum. Barazani kwetu, baada ya sala ya Isha, kumezuka ubishi juu ya mzungu mmoja aliyekuwa mmisionari na mkulima kisha akaingia serikalini. Mmoja wetu anashikilia kuwa ni Bruce McKenzie wa hapa Kenya. Mwengine anasema mtu huyo alikuwa Rhodesia. Nani mkweli?
Msomaji, Mji wa Kale, Mombasa

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu yetu. Mkweli ni huyo wa pili. McKenzie alikuwa mkulima na akawa Waziri wa Kilimo wa Mzee Kenyatta, lakini hakuwa mmisionari. Mnayemtafuta ni Garfield Todd, mzaliwa wa Invercargill, New Zealand, aliyefika Rhodesia Kusini, yaani Zimbabwe ya leo, mwaka 1934 pamoja na mkewe, Grace, kuendesha misheni ya Dadaya, karibu na mji uitwao leo Zvishavane.

Babake Todd alikuwa na kiwanda cha matofali, na ujuzi huo wa nyumbani ulimfaa sana mahali ambapo shule ilibidi ijengwe kwa matofali ya kujifyatulia. Bibi Grace naye, ambaye aghalabu husahauliwa, aliandika mipango ya masomo iliyomwongoza mwalimu hatua kwa hatua, ikaja kutumika katika shule za Waafrika nchini kote. Miongoni mwa waliofundisha Dadaya alikuwamo kijana Robert Mugabe.

Todd alichaguliwa mbunge mwaka 1946, akawa waziri mkuu mwaka 1953. Tusimfanye malaika: mwaka 1954 wachimba makaa wa Wankie walipogoma, alipeleka wanajeshi. Hata hivyo, alipotaka Waafrika wengi zaidi wapate kura, mawaziri wake wenyewe walimwasi, na mwaka 1958 akaondolewa.

Kuhusu ukulima, alikuwa mfugaji wa ng'ombe zaidi kuliko mtu wa jembe. Ranchi yake, Hokonui, aliyoipa jina la vilima vya kwao, ndiyo serikali ya walowezi wazungu ya Ian Smith iliyoigeuza kifungo, kwa kumkataza kutoka humo mwaka 1965. Na mwaka 1972 alitiwa jela hasa, yeye na bintiye Judith.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1980, Mugabe alimteua seneta. Mwaka 2002, serikali ya Mugabe huyohuyo ilimvua uraia, na mzee wa miaka 93 akanyimwa kura. Alifariki Oktoba ya mwaka huo, mjini Bulawayo.