Puliza Kwanza, Karo Baadaye

Wiki jana daktari mmoja kijana, ndiyo kwanza amalize intanshipu, alinipigia simu kutoka Kisauni, hapa Mombasa. Amepata kozi ya mapafu ya mtandaoni, ya mwaka mmoja, na siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa siku hiyo hiyo. Alipe? Nikamwambia asitoe hata shilingi mpaka anisikilize.

Mimi nililipa. Nilichukua mkopo wa chama, nikasoma usiku baada ya zamu, nikapata stashahada kutoka ng'ambo. Sisemi pesa zilipotea, maana ndiyo iliyonifunza kusoma eksirei ya kifua bila kubahatisha. Lakini nilipotaka itambuliwe kama ubingwa, nikaambiwa hiyo ni nyongeza ya elimu tu. Swali la utambuzi huulizwa kwa baraza la madaktari kabla ya kulipa. Mke wangu bado hunikumbusha ule mkopo, hasa tukiwa sokoni Kongowea na bei ya nyanya imepanda.

Njia ya ubingwa ni ndefu. Ukishamaliza udaktari na intanshipu, unasomea uzamili wa magonjwa ya ndani, au wa watoto, miaka mitatu au minne kulingana na chuo. Ndipo unaingia mafunzo ya mapafu yenyewe, aghalabu miaka miwili. Si lazima uende Ulaya: Addis Ababa wanafunza mabingwa wa mapafu tangu 2013. Na kama wewe ni klinikal ofisa, yaani tabibu asiye daktari, chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, kina stashahada ya juu ya kifua na ngozi. Watu hucheka, kifua na ngozi wapi na wapi? Basi kijidudu cha kifua kikuu na cha ukoma ni ndugu wa ukoo mmoja.

Ila kwanza nenda kliniki ya kifua ukashinde na spirometri, kile kipimo cha kupuliza kinachopima nguvu ya mapafu. Namkumbuka mzee mmoja, kuli wa zamani wa bandarini, aliyetumia dawa ya pumu miaka mingi. Mara ya kwanza akapuliza kama anapoza chai. Mara ya pili hewa ikavujia pembeni kwa sababu meno yake ya bandia yamelegea. Tukayatoa. "Haya mzee wangu, vuta yote… toa! Toa, toa, usiache!" Nikipiga kelele hadi walio nje wakachungulia. Hewa ya sekunde ya kwanza haikufika asilimia 70 ya pumzi yake yote, ishara kwamba njia za hewa zimebana. Tukampa dawa ya kuzifungua, tukangoja dakika 15, akapuliza tena. Hali ni ile ile. Haikuwa pumu. Ilikuwa mapafu yaliyoharibiwa na miaka ya sigara, na pengine na vumbi la magunia. Ukiona kazi hiyo inakuchosha, tafuta ubingwa mwingine mapema.

Ikikushika, ajira haziishii wodini. Kuna kifua kikuu sugu, kuna wodi ya mahututi (ICU), kuna kuingiza kamera kwenye njia za hewa, kuna afya ya wafanyakazi wa viwanda vya vumbi. Ukipenda utafiti, Kilifi ni mwendo wa matatu tu, na watafiti wa afya wa KEMRI-Wellcome wako pale tangu 1989. Kufungua kliniki ya binafsi peke yake sikushauri haraka: mashine ni ghali, na wagonjwa wengi wa kifua hawana bima.

Kijana alinyamaza kidogo kwenye simu. Kisha akauliza kliniki yetu ya Jumatano huanza saa ngapi. Saa mbili, nikamwambia, na aje na maji ya kunywa, sauti hukauka.